Nyuzi Thelathini na Saba

14 Januari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini wewe na Bibi mko salama, na kwamba magoti yake yamepunguza kumsumbua. Sisi hatujambo. Mama amerudi kwenye cherehani. Wiki hii anashona sare za shule na sebule nzima imejaa kola zisizo na mashati. Redio anaifungua kwa sauti kubwa kutwa. Tangu Baba alipohamia kwako mwezi wa Septemba nyumba haina kikohozi, lakini tulishazoea kupaza sauti ili tusikike juu yake, kwa hiyo mpaka leo tunapigiana kelele tukiombana chumvi.

Ninaandika kwa sababu simu yako haipatikani. Mama amejaribu mara nyingi. Mimi sijajaribu sana. Unanijua, kwenye simu mdomo unanikauka.

Nimeanza kazi kwenye maabara yenu Jumatatu iliyopita. Asante kwa kuniombea nafasi kabla hujaondoka kwenda kwa Bibi. Profesa alinipokea mlangoni akaniuliza, "Wewe ndiye wa Mama Kioo?" Sikujua kwamba hapa walikuita hivyo. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba kundi hili linapima majimaji ya mwili: damu, mate, makohozi. Wanaangalia yanavyotiririka na yanavyonata. Alisema mhandisi anayejua mafuta yanavyopita kwenye bomba anaweza pia kujua makohozi yanavyokwama kifuani. Nilisema, "Ndiyo." Siku ile sikusema neno lingine.

Kazi yangu ni kuosha vyombo. Nina beseni la bluu, brashi tatu, na sinki lako la dirishani. Fundi wa pampu alinitazama siku nzima, jioni akatangaza, "Jamani, huyu mwenzetu mpya ana maneno mengi mno, atatuchosha." Wote wakacheka. Tangu hapo ananiita Kimya. Yupo pia yule wanayemwita Daktari Mtarajiwa, kwa sababu huu ni mwaka wa sita anaandika tasnifu yake ya udaktari. Mwenyewe anaitika bila kinyongo. Anatengeneza jedwali la kumwonyesha muuguzi wa kliniki atie chumvi kiasi gani kwenye maji ya mvuke anaovuta mgonjwa ili kifua kilegee. Makohozi yakinata zaidi, chumvi inaongezwa.

Jumatatu kuna kikao na kila mtu lazima aseme jambo moja, hata mfagizi. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Sina la kusema." Profesa akasema, "Wiki ijayo utakuwa nalo."

Nina swali moja. Kwenye friza, rafu ya chini, nyuma kabisa, kuna kisanduku kilichofungwa kwa bendeji. Kimeandikwa USIGUSE na mwandiko ni wako. Fundi anasema nikuulize wewe. Nikiache?

Watu wananiuliza kama nimepoa baada ya msiba wa Baba. Ninawajibu nimepoa. Sijalia bado. Najihisi kama mkono uliolaliwa.

Mwanao,
Kimya


2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia juzi, ilikaa mahali fulani ikipumzika. Bibi hajambo. Amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi ambalo zamani halikuwepo, kwa hiyo nafagia mara mbili. Kila asubuhi ananiuliza likizo yangu inaisha lini. Namwambia wiki ijayo. Anaridhika, na kesho yake anauliza tena.

Msalimie mama yako. Mwambie simu iliharibika.

Kuhusu kazi. Kila chombo kioshe kwa maji ya bomba mara tatu, kisha kwa yale maji safi ya kwenye dumu la maabara mara tatu tena. Usihesabu mbili ukasema tatu, hata kama hakuna anayekuangalia. Ukimaliza kipindue juu ya kitambaa. Kioo safi maji hutandaa na kushuka yote pamoja. Ukiona tone limening'inia, bado ni kichafu, rudia.

Fundi wa pampu ni mtu mzuri. Mjibu siku moja, ataacha kukuchokoza. Au ataongeza.

Kisanduku kiache.

Unakula? Mama yako akiwa na kazi nyingi huwa anasahau kupika, na wewe huwa husemi.

Shangazi yako


20 Februari

Shikamoo Shangazi,

Salamu kutoka kwa Mama. Ameniambia niandike neno kwa neno: "Simu ikiharibika hupelekwa kwa fundi." Usikasirike. Sare zimekwisha, sasa anashona mapazia ya ofisi. Ndiyo, ninakula.

Nimepandishwa kidogo. Bado naosha, lakini sasa naandaa pia lile beseni la joto ambamo sampuli hukaa kabla ya kuingia kwenye mashine. Wewe unalijua kuliko mimi, lakini niache nieleze ili uone kama nimeelewa. Makohozi lazima yapimwe yakiwa na joto la mwili, nyuzi 37. Yakipoa hunata zaidi, kama asali, na kipimo kinakuwa cha uongo. Beseni lina taa ya kijani inayoonyesha 37, lakini ukutani kuna kadi yako: SOMA KIPIMAJOTO CHA KIOO. TAA INADANGANYA.

Basi nilisoma kioo. Kilisema 32.

Nilidhani nimekosea. Nikakitoa, nikakifuta, nikakirudisha. 32. Taa ilikuwa ya kijani, 37. Nilisimama pale karibu nusu saa kwa sababu sikujua namna ya kumwita Fundi bila kumkatiza. Mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyepita. Akatia kidole majini akasema, "Maji haya yamepoa kama chai ya mgeni aliyechelewa." Akafungua kifuniko cha nyuma, akanionyesha waya umeliwa na kutu mpaka umebaki kama uzi. "Hii haikuharibika jana, Kimya. Hii ina miezi." Nikamuuliza nani alitumia beseni mara ya mwisho. Akasema tangu Novemba hakuna, kwa sababu vipimo vyote vya Daktari Mtarajiwa vilikwisha na ulivipima wewe. Halafu akasema, "Bahati nzuri Mama Kioo alikuwa hasomi taa."

Ametia waya mpya. Sasa kioo na taa vinakubaliana.

Shangazi, nimeangalia daftari la vipimo. Sikutumwa na mtu. Nilitaka kujifunza unavyopanga safu. Mpaka Septemba safu ya joto inasema 36.8, 37.1, 36.9, 37.0, 37.2. Baada ya hapo ni 37.0 tupu, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Naomba uniambie kama ninasoma vibaya. Mimi ni mgeni wa mambo haya.

Jedwali litatiwa saini kwenye kikao cha Jumatatu, 27 Aprili, kisha linakwenda kliniki.

Mwanao,
Kimya


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tu wazima. Bibi alianguka bafuni lakini hakuumia, alikaa chini akacheka mpaka nikaogopa. Nimemtandikia mkeka wa mpira. Anasema mkeka huo una rangi ya hospitali. Nimeugeuza upande wa pili, nao ni rangi hiyo hiyo.

Nimefurahi kusikia umepandishwa. Ukishika kipimajoto kishike juu, si kwenye zebaki, la sivyo utapima kidole chako.

Kuhusu daftari, siku zile mwandiko wangu haukuwa mzuri. Lirudishe kwenye rafu.

Mwambie mama yako mapazia ya ofisi ayawekee pindo pana, yakifuliwa huruka juu.

Shangazi yako


25 Machi

Shikamoo Shangazi,

Mama anakushukuru kwa habari ya pindo. Alikuwa ameshakata. Ametafuta kitambaa kingine cha kuunganishia, na kwa mbali huwezi kujua. Bibi mpe pole ya bafuni.

Mwandiko wako ulikuwa mzuri. Ndilo lililonisumbua. Namba zote zina ukubwa mmoja, kalamu moja, wino haukatiki popote. Nilikwenda mbele, kurasa za baada ya tarehe 28 Novemba. Mistari kumi na minne haina namba ya sampuli, haina mnato, haina saa, haina kitu. Lakini safu ya joto imejazwa. 37.0, 37.0, 37.0, mpaka chini ya ukurasa. Uliandika joto la sampuli ambazo hazijawekwa majini.

Namba hizo zinaanza Jumatatu, 15 Septemba. Baba aliletwa kwako Jumamosi, tarehe 13. Nakumbuka kwa sababu mlisema anahama ili awe karibu na hospitali na mimi nisomee mtihani nyumba ikiwa tulivu. Nilisoma. Nyumba ilikuwa tulivu sana. Kila nilipouliza mlinijibu anaendelea vizuri.

Leo muuguzi wa kliniki alikuja. Ni mama mfupi, anaongea huku anavua koti. Wameanza kulijaribu jedwali la rasimu kwa wagonjwa wachache. Alimwambia Daktari Mtarajiwa, "Dawa yako inafanya kazi mno. Mzee wangu mmoja anakohoa mpaka anashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Chumvi yako hiyo ya kuhifadhia samaki au ya kutibia watu?" Daktari Mtarajiwa akaandika kwenye karatasi, akamwambia labda kifua kitazoea. Mimi nilikuwa kwenye sinki. Nilikuwa na chupa mkononi na niliiosha mara nane.

Jumatatu zote tangu nigundue nimesema, "Sina la kusema." Profesa hanilazimishi tena.

Sikutaka kulisema bila wewe kujua kwamba nalijua. Sasa unajua. Nitangoja barua yako mpaka tarehe 27. Nisipoipata nitajaribu mwenyewe, ingawa sijui sauti yangu itatoka au la.

Mwanao,
Kimya


15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Bibi anakusalimu. Leo ameniuliza likizo inaisha lini na nikashindwa kusema wiki ijayo. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi kaa chini, unanizibia mwanga."

Nimeandika barua hii mara nne. Mama yako simu yangu haikuharibika, mwambie. Niliizima.

Ulisoma sawasawa. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, na sielezi ili unihurumie.

Asubuhi nilikuwa namwosha baba yako, namlisha, namwacha na jirani, nakwenda kazini. Saa nne natoka kumpeleka hospitali, saa saba narudi. Sampuli zilikuwa nyingi. Jumatatu ile ya kwanza nilijaza joto la siku nzima mapema ili nipate muda. Nilijua beseni hilo, lilikuwa halijawahi kuzidi au kupungua kwa zaidi ya nyuzi moja. Jumatatu ya pili nikajaza la wiki. Mwezi wa Oktoba nilikaa kwenye kiti, nikajaza kurasa tatu, na nilipoinua kichwa sikukumbuka kuanza. Mkono uliandika tu. Kadi iko ukutani mbele yangu, mwandiko wangu mwenyewe, nami siioni. Sampuli arobaini na sita. Sijui waya uliharibika kwenye ya ngapi. Hakuna atakayejua.

Kisanduku. Mwanzoni mwa Novemba kliniki walimwomba baba yako sampuli kama wagonjwa wengine. Alitia saini mwenyewe. Akanikabidhi kichupa akacheka, yaani alijaribu kucheka, akasema, "Tazama, makohozi yangu yameingia chuo kikuu kabla ya binti yangu." Ni namba 61. Wote wengine niliwapima kwa joto la uongo bila kusita. Huyu sikuweza kumpima kabisa. Kila siku nilisema kesho. Kisha akafa, na nikamficha ndani ya friza, nyuma kabisa, kama mtu anayeficha chakula. Nilimwambia Daktari Mtarajiwa kichupa kilipasuka.

Siku ya mazishi nilisimama pale mbali, unakumbuka. Ulidhani nakuogopa wewe na mama yako. Nilikuwa nahesabu mistari.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Profesa. Nimeandika yote, tarehe na namba. Isome kwenye kikao tarehe 27. Nikikuomba usome najua ninachokuomba. Ukishindwa, mpe tu aisome mwenyewe, usinionee haya.

Watataka kupima upya kilichobaki kwenye friza. Kuhusu 61, sikuamrishi. Kinatosha kipimo kimoja tu, na mashine hairudishi kilichoingia.

Shangazi yako


3 Mei

Shikamoo Shangazi,

Hapa sote wazima. Mama amemaliza mapazia. Ameniambia chumba cha nyuma hakina mtu, na kwamba anakifagia tu kwa mazoea, lakini nimeona ametandika shuka mpya. Habari hiyo nimekupa kwa siri.

Barua yako ilifika Jumanne, tarehe 28. Kikao kilikuwa Jumatatu.

Kwa hiyo nilikwenda bila karatasi yako. Zamu yangu ilipofika nilisimama. Hakuna anayesimama kwenye kikao kile, lakini miguu ilidhani tuko darasani. Nikasema, "Nina la kusema." Fundi akasema, "Leo mvua itanyesha." Nikangoja wamalize kucheka. Walipomaliza nikasema, "Vipimo vya Septemba mpaka Novemba huenda si vya nyuzi 37. Jedwali lisitiwe saini." Nililisema haraka na kwa sauti ya chini, ikabidi nilirudie. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Nikaliweka daftari mezani, limefunguliwa kwenye ule ukurasa wenye joto peke yake. Lilipita mkono kwa mkono. Fundi alipolishika alisema tu, "Ule waya," kisha hakufanya mzaha tena. Profesa akauliza, "Mwandiko wa nani huu?" Wote walikuwa wanaujua. Aliniuliza mimi. Nikasema, "Wa shangazi yangu."

Daktari Mtarajiwa alifunga kompyuta yake. Akasema, "Miaka sita." Akaisukuma kando. Akasema, "Saba," akainuka kwenda kutafuta ufunguo wa friza. Profesa alimpigia muuguzi simu pale pale, akamwambia jedwali la rasimu alichane na wagonjwa warudi kwenye chumvi ya zamani. Tulisikia sauti ya yule mama mpaka upande wetu wa meza.

Jumanne nilimpa Profesa karatasi yako. Aliisoma amesimama, mara mbili, akaikunja. Hakuonekana amekasirika wala amekuhurumia. Akasema, "Mwambie aje asahihishe daftari kwa mkono wake. Kila mstari, na saini kila mstari. Hakuna mwingine atakayeugusa ukurasa ule." Basi mimi nimekwambia. Ni mistari sitini, ile mitupu ikiwemo. Bibi mwambie likizo inaisha wiki ijayo, na safari hii iwe kweli. Mama anasema mje naye, mkeka wa mpira tunao.

Tumeanza kupima upya. Sampuli nyingine zilikwisha, zimebaki thelathini na saba. Alhamisi nilifungua kisanduku. Bendeji ilikuwa imeganda, ikabidi niikate. Daktari Mtarajiwa aliona namba akauliza, "Hii si ilipasuka?" Nikasema, "Haikupasuka. Ilikuwa nyuma." Akanitazama, akaniuliza kama nataka aipime yeye. Nikasema hapana.

Niliiyeyusha kwanza kwenye maji ya baridi, kama kadi yako ya mlangoni pa friza inavyosema. Kisha nikaiweka kwenye beseni, nikasimama mbele ya kipimajoto. Maji yalikuwa bado yanapanda joto na taa ilikuwa tayari ya kijani. Kioo kilisema 33, kikasema 35. Nilidhani nitalia wakati huo kwa sababu nilikuwa peke yangu na ingefaa, lakini sikulia. Nilikuwa nasubiri kioo. Kiliposimama nikaangalia mara tatu. Nikaitia kwenye mashine. Ilinata sana, lakini si kama zile zako za Oktoba.

Kwenye safu ya joto niliandika 36.9.

Kichupa nilikiosha mara tatu kwa maji ya bomba, na mara tatu kwa maji ya dumu. Nilihesabu kwa sauti, hakukuwa na mtu. Nikakipindua juu ya kitambaa, nikainama kukitazama. Maji yalitandaa yakashuka yote pamoja. Hakuna tone lililobaki.

Mwanao,
Kimya